Tulioogelea Kwenye Mlenda: Mabwawa Mabovu ya Zamani na Dada Aliyepiga Teke Maji Matupu

Kama bwawa unalolijua wewe ni lile la kwenye picha za Insta, maji ya bluu, glasi ya juisi pembeni na mtu kajilaza juu ya boya la bata, basi vuta kiti. Sisi wa mwishoni mwa miaka ya 90 pale Dar tulijifunza kuogelea kwenye kitu ambacho mpaka leo sina uhakika kama kinastahili kuitwa bwawa. Kilikuwa nyuma ya hoteli moja ya enzi za mkoloni, sitaitaja, ambayo wakati huo ilikuwa haipati tena wageni wa kulala, inapata harusi tu. Maji yalikuwa ya kijani. Si kijani cha majani, hapana, kijani cha mlenda. Na ukiingia unayasikia kabisa yanavuta.

Kulikuwa na mzee mmoja mtunza bwawa, tukimwita Babu wa Dawa. Kila Jumatatu unamkuta na ndoo zake mbili. "Shikamoo Babu." "Marahaba, msiingie bado." Ndoo moja ina shabu, ile ile ya kutulizia maji ya kisima, inakusanya uchafu unazama chini. Nyingine ina mrututu, ule wa bluu, wa kuua ukoga. Klorini ilikuwa ghali, ikionekana ujue Jumamosi kuna harusi na bibi harusi atapigiwa picha pale. Pampu ya chujio ilishakufa kabla hatujazaliwa wengi wetu. Kwa hiyo wiki ilikuwa inakwenda hivi: Jumanne unaona vidole vyako vya mguu, Alhamisi unaishia kuona magoti, Jumamosi ukinyoosha mkono mbele huoni kiganja. Vyura tulishazoeana nao. Marumaru za ukutani nusu zilikuwa zimebanduka na zilizobaki zilikata kama wembe, nina alama kwenye kisigino mpaka leo.

Na ukingoni, upande wa kina kirefu, kulikuwa na namba imechorwa kwa rangi nyeusi: 25. Basi. Hakuna herufi mbele yake, hakuna nini. Iweke kichwani hiyo namba.

Kitu ambacho kilikuwa kinamnyima kocha wetu usingizi si vyura. Ni kwamba haoni chini. Mwogeleaji akizama kwenye maji masafi mtu yeyote aliyesimama juu anamwona, ndiyo maana kwenye mabwawa ya maana sheria ya kwanza ni kwamba kama sakafu haionekani, watu watoke. Sisi tungefuata sheria hiyo tungefanya mazoezi siku mbili kwa wiki. Basi Kocha akatugawia namba. Kila tukimaliza mzunguko tunashika ukingo tunapiga kelele, moja, mbili, tatu, mpaka kumi na nne. Siku moja ikafika sita, halafu kimya. Kocha akaita, "Saba!" Kimya. Akaita tena, sauti imebadilika. Mimi sijawahi kuona mtu mzima akiruka kwenye maji na viatu na saa mkononi namna ile. Tukazama wote, tunapapasa sakafu kwa mikono, unashika majani, unashika utelezi, unaomba usishike kitu kingine. Dakika kama mbili hivi. Halafu Saba akatokea upande wa jikoni anafunga kamba ya kaptula, alikuwa chooni. Hakupigwa. Kocha alikaa chini kwenye saruji na maji yanamchuruzika, hakusema neno, mazoezi yakaishia pale.

Sasa nilipokuwa mkubwa nikaanza kusoma historia ya mchezo huu, nikagundua kitu kilichonifariji sana. Kumbe hata mabingwa wa dunia walianzia kwenye uchafu.

Anza na Olimpiki ya kwanza ya kisasa, Athens, 1896. Bwawa halikuwepo. Waogeleaji walipakiwa kwenye boti wakapelekwa ghuba ya Zea pale Piraeus, mwezi wa nne, maji yana baridi kama nyuzi 13 hivi, wakaambiwa rukeni mrudi ufukweni. Yaani hivyo tu. Kijana mmoja wa Hungaria, Alfréd Hajós, miaka 18, alijipaka mafuta mazito mwili mzima ili asigande. Alishinda mita 100 kwa dakika 1 na sekunde 22.2, akashinda na mita 1200 siku hiyo hiyo. Baadaye alisema wazi kwamba kwenye ile mbio ndefu, katikati ya mawimbi, alikuwa hawazi tena medali, anawaza kutokufa. Na huyu si mtu wa kuogopa maji ovyo. Baba yake alikufa maji kwenye mto Danube yeye akiwa na miaka 13, na hiyo ndiyo sababu akaamua kuwa mwogeleaji. Hata jina Hajós alijipa mwenyewe, kwao maana yake ni baharia. Huyu tutarudi kwake.

1900 Paris wakaogelea mto Seine, mkondo unawasukuma kwa nyuma, kwa hiyo muda uliopatikana ulikuwa wa ajabu ajabu. Kulikuwa hata na mbio za vizuizi: unapanda nguzo, unapanda juu ya mstari wa boti, halafu unapita chini ya mstari mwingine wa boti. Mwaustralia Frederick Lane akashinda. Ukiniuliza mimi, ule mchezo urudishwe.

1904 St. Louis, Marekani, walitumia ziwa la kuchimbwa la maonyesho ya dunia. Kibao cha kurukia kilikuwa chelezo, na waogeleaji wakishasimama wote juu yake kinazama. Unaambiwa jiandae huku maji yanakupanda miguuni. Na umbali walipima kwa yadi, si mita. Hii nayo iweke kichwani.

1908 London wakachimba bwawa la mita 100, ndio, mia, katikati ya uwanja wa riadha wa White City, hakuna kupasha maji moto wala nini. 1912 Stockholm wakarudi baharini, kwenye ghuba. Hapo ndipo wanawake walipoingia kwa mara ya kwanza kwenye kuogelea Olimpiki, na Fanny Durack wa Australia akashinda mita 100 kwa dakika 1 na sekunde 22.2. Soma tena hiyo namba. Ni muda ule ule wa Hajós miaka 16 nyuma. Sijawahi kuchoka kulisimulia hilo kwa wanaosema mambo fulani kuhusu wanawake na michezo.

Halafu 1920 Antwerp, vita ndiyo imetoka kuisha, Wabelgiji hawana hela. Walichofanya ni kuweka mbao kwenye handaki la maji la ngome ya zamani ya mji wakasema haya, bwawa hilo. Maji meusi, baridi ya kutetemesha meno. Mmarekani Aileen Riggin, mtoto wa miaka 14, alipata dhahabu ya kupiga mbizi mle, na miaka mingi baadaye bado alikuwa anasimulia ule weusi wa maji na ile baridi. Namwelewa kabisa. Kuzama kwenye maji usiyoona chini, kichwa ndicho kinatangulia, unahitaji moyo.

Bwawa la kueleweka lilikuja 1924, Paris tena, pale Tourelles: mita 50 kamili, leni zimetenganishwa kwa kamba. Johnny Weissmuller akapiga mita 100 kwa sekunde 59. Tangu hapo maji masafi na kipimo kimoja vikawa ndiyo mchezo wenyewe, kwa wenye uwezo.

Sasa turudi Dar.

Klabuni kwetu kulikuwa na dada mmoja. Jina silitaji, aliniomba nisimtaje nilipompigia simu kuhusu andiko hili, kwa hiyo tumwite Namba Nne, maana ndiyo ilikuwa namba yake. Alikuwa na miaka 16. Baba yake dereva wa lori, mama anauza vitenge, na kuogelea alijifunzia Kigamboni baharini na kaka zake. Huyu mtu alikuwa na mkono, jamani. Ukiwa leni ya pembeni yake unasikia maji yanakuvuta kuelekea kwake. Kocha alikuwa na daftari la kaunta lenye muda wetu wote, na kwa Namba Nne, mita 100 mtindo huru, aliandika dakika 1 na sekunde 9. Hizo mita 100 tulikuwa tunazihesabu hivi: kwenda na kurudi, kwenda na kurudi. Ishirini na tano mara nne. Ukutani si kumeandikwa?

Ule muda ulipelekwa kwa wahusika, na jina lake likaingia kwenye orodha ya wanaotazamwa kwa safari ya nje. Ndege. Mtoto wa muuza vitenge. Mama yake alishaanza kumshonea gauni la kusafiria.

Kabla ya hapo kulikuwa na mashindano Nairobi, tukaenda kwa basi. Namanga foleni, mara nyaraka za mmoja wetu zina kasoro, tukafika bwawani wakati wenzetu wameshapasha misuli na mbio zimeanza. Nakumbuka tulivyosimama pale mlangoni tumeduwaa. Maji unaona mpaka chini! Kuna mistari myeusi sakafuni! Mwenzetu mmoja akauliza kama ile mistari imechorwa ama ni nyoka, na hakuwa anatania. Namba Nne akavua tracksuit, akapanda kibaoni, filimbi.

Hapa inabidi nikueleze kitu. Kwenye bwawa letu, kwa kuwa huoni ukuta, ulikuwa unauhesabu. Kila mtu alijua idadi yake ya mikono. Yeye zilikuwa 18: mkono wa 18 unajipindua, miguu inakuta ukuta, unasukuma. Na tulikuwa tunaogelea tumefumba macho, miwani ya kuogelea tulikuwa nayo mitatu klabu nzima na mrututu unawasha. Mwili unajua wenyewe.

Basi akaondoka. Anaongoza. Anaongoza kwa mwili mzima, Kocha ameshapanda juu ya benchi. Kumi na sita, kumi na saba, kumi na nane, akajipindua vizuri kama samaki, akapiga teke.

Hakukuwa na ukuta.

Ulikuwa mbele kama mita mbili hivi. Alipiga teke maji matupu. Akasimama katikati ya maji, kichwa nje, anageuka huku na huku kama mtu aliyeamshwa usingizini. Watu jukwaani wakacheka, si kwa ubaya, lakini walicheka. Sheria inasema lazima uguse ukuta, kwa hiyo akarudi akaugusa kwa mkono, akaanza upya, safari hii macho wazi, wenzake wote wameshampita. Alimaliza wa mwisho. Aliposhika ukingo kitu cha kwanza alichomwambia Kocha, nilikuwa pale, alisema, "Kocha, bwawa lao refu."

Kocha akamjibu, "Mwanangu, ishirini na tano ni ishirini na tano."

Lakini tuliporudi Dar hakwenda nyumbani kwanza. Alipitia kwa fundi mmoja akaazima futi kamba, akaja bwawani, akanishikisha mimi upande mmoja na yeye mwenyewe akatembea nayo mpaka upande wa pili. Akasoma. Akarudia. Mita 22 na sentimita 86.

Tulihisi labda jengo limesogea. Ni Babu wa Dawa ndiye aliyecheka akasema, "Hili la Mwingereza hili. Mwingereza alikuwa hapimi kwa mita." Yadi moja ni sentimita 91.44. Zidisha mara 25 uone unapata nini. Ile 25 ukutani ilikuwa sahihi tangu siku ilipochorwa, sisi ndio tulikuwa hatujui inasema lugha gani. Na wala si maajabu. Waingereza walijenga mabwawa ya yadi kila walipokwenda, Michezo ya Jumuiya ya Madola yenyewe iliogelewa kwa yadi mpaka ilipohamia mita mwaka 1970 pale Edinburgh, na Wamarekani kwenye vyuo vyao bado wana mabwawa ya yadi 25 mpaka leo. Tofauti ni kwamba wao wanajua.

Mizunguko minne kwenye bwawa letu ilikuwa mita 91 na nusu hivi. Zile mita nane na ushei zilizopungua, kwa kasi yake, ni kama sekunde sita na nusu. Kwa hiyo ile dakika 1 na sekunde 9 ilikuwa kweli dakika 1 na sekunde 15 na kitu. Kwa mtoto anayefanya mazoezi ndani ya mlenda amefumba macho, mimi nasema huo ni muda mkubwa sana. Lakini orodha haiulizi uliogelea kwenye nini. Kanuni za kimataifa zinaruhusu bwawa lizidi kwa sentimita tatu, kupungua haliruhusiwi hata kidogo, na letu lilipungua mita mbili. Jina likatolewa. Kocha akaandikiwa barua iliyotumia neno udanganyifu. Yeye ndiye aliyekwenda kuwaambia mwenyewe, kwa mdomo wake, na futi kamba mfukoni, halafu wakamwandikia barua ya udanganyifu. Hakurudi tena kufundisha. Sisi wengine tulitawanyika mmoja mmoja, na shuleni kwa muda tuliitwa "wale wa bwawa fupi".

Mwaka uliofuata ikaja Sydney, Septemba 2000. Unamjua Eric Moussambani, hata kama hulijui jina, video yake umeshawahi kuiona kwenye simu ya mtu. Jamaa wa Guinea ya Ikweta. Mita 100 mtindo huru, wenzake wawili wa kundi lake wakaruka kabla ya ishara wakatolewa, akaogelea peke yake mbele ya uwanja mzima. Alikuwa hajawahi kuliona bwawa la mita 50 kabla ya safari ile. Mazoezi yake alifanyia kwenye kibwawa cha hoteli, kwa saa walizomruhusu. Alitumia dakika 1 na sekunde 52.72, zaidi ya mara mbili ya wale wa fainali, na zile mita za mwisho watu walidhani anazama.

Tuliangalia marudio kwenye televisheni ya jirani, sebule imejaa. Watu walicheka mpaka machozi. Mimi nilicheka, nakiri. Namba Nne alikuwa amekaa kwenye mkeka karibu na mlango, hakucheka. Jamaa alipofika kama mita 25 kabla ya mwisho, mikono imekuwa mizito, kichwa kinainuka inuka, akasema kwa sauti ndogo, "Anatafuta ukuta."

Sebule ikanyamaza kidogo. Halafu mtu akasema kitu, wakaendelea kucheka.

Siku hizi watu wanadhani pesa inamaliza mambo haya. Rio 2016 mtu mmoja alimwaga lita 80 za haidrojeni peroksaidi kwenye bwawa la kupiga mbizi, ikaua nguvu ya klorini, na mbele ya kamera za dunia nzima maji yakageuka kijani. Nilivyoiona ile rangi nilisema hii naijua. Babu wa Dawa angewatengenezea kwa ndoo mbili. Na Paris 2024 wakarudi mto Seine, mto ambao kuogelea kulipigwa marufuku tangu 1923, na triathlon ya wanaume ikabidi isogezwe siku moja kwa sababu maji hayakuwa salama. Miaka 124 tangu Frederick Lane aruke zile boti.

Hajós, nilisema tutarudi kwake. Alisomea usanifu majengo. Mwaka 1924 kwenye mashindano ya sanaa ya Olimpiki, maana zamani yalikuwepo, alipata fedha kwa mchoro wa uwanja. Na 1930 pale Budapest, kwenye kisiwa cha Margaret, likafunguliwa bwawa la ndani alilolichora yeye. Lipo mpaka leo na linaitwa kwa jina lake. Mtu aliyeoga mafuta ya kujikinga na baridi ya bahari akaenda kuwajengea wenzake paa.

Bwawa letu halipo. Walilijaza kifusi, ni maegesho sasa, nilipita mwezi uliopita nikaona Noah tatu zimepaki sehemu ya kina kirefu. Babu wa Dawa alishafariki. Kocha yupo Morogoro, ana bustani, simu hapokei kirahisi.

Namba Nne anafundisha watoto kuogelea Jumamosi, kwenye bwawa la kukodi, maji yanaonekana. Nilipompigia kuomba ruhusa alikuwa kwenye daladala, kelele nyingi. Nikamuuliza bwawa lake ni mita ngapi.

"Ishirini na nne na nusu," akasema. "Limeandikwa ishirini na tano. Nimelipima mwenyewe. Watoto nimeshawaambia."